Funga Njia Kwanza

Fundi wa reli akigongwa na treni, swali linalotangulia huwa: kwani hakuisikia? Ajali ya Margam, kusini mwa Wales, inalijibu. Asubuhi ya Julai 3, 2019, mafundi watatu walikuwa wameinamia kazi relini, mmoja akiendesha mashine yenye kelele, na karibu hakika wote walikuwa wamevaa vikinga masikio, kama usalama kazini unavyotaka. Treni ya abiria kutoka Swansea kwenda London ilipiga honi. Wawili walikufa. Wachunguzi walikuta kwamba njia haikuwa imefungwa, hapakuwa na mlinzi aliyeteuliwa rasmi kuwaangalizia treni, na utaratibu uliokusudiwa ulikuwa umewekwa kando. Ila hawakuishia kwa watu wa pale: walisema Network Rail, shirika linalosimamia miundombinu ya reli ya Uingereza, kwa miaka mingi halikuwa limeishughulikia ipasavyo hatari ya mafundi kugongwa na treni.

Hiyo miaka mingi ndiyo kiini. Kumtegemea mlinzi kulionekana kunafaa kwa sababu siku nyingi kulifaa, na hesabu yake haikuwa ikisumbua watu. Treni ya kilomita 160 kwa saa, kasi ambayo reli ya kisasa (SGR) ya Tanzania imeifikia, hukata mita 44 kwa sekunde. Kanuni ya Uingereza humtaka fundi awe amesimama mahali salama sekunde 10 kabla treni haijafika. Mpe sekunde 10 nyingine za kutua chombo na kuondoka: treni lazima ionekane ikiwa karibu mita 900. Penye kona au ukungu hakuna macho ya hivyo, hata yawe makini namna gani. Kwa hiyo dawa ni kuitenga treni na fundi; mafunzo na mabango yaje baadaye.

Wapo watakaosema kanuni zipo, tatizo ni wanaozikiuka. Ni kweli kwamba huko Brandizzo, Italia, usiku wa kuamkia Agosti 31, 2023, kazi ilianza kabla njia haijafungwa, na watu watano wakauawa. Lakini kanuni inayoweza kurukwa kwa neno la mdomo ni dhaifu. Kikosi kisiweze kuanza kabla kituo cha uongozaji hakijathibitisha kwamba njia imefungwa, na msimamizi anayeingoja ruhusa asihesabiwe dakika zilizopotea.

Pingamizi zito zaidi ni la gharama. Njia ikifungwa mchana treni huchelewa. Kazi ikihamishiwa usiku, uchovu huhama nayo. Tena kufunga pekee hakutoshi. Februari 2004, huko Tebay, kaskazini mwa Uingereza, mafundi wanne waliuawa na toroli lililobeba vyuma vya reli, breki zake zikiwa hazifanyi kazi, likiteremka lenyewe gizani. Haya yote ni kweli, na yanadai ratiba zenye nafasi ya matengenezo, zamu fupi, na ukaguzi wa breki kabla ya chombo kupanda relini. Hayahalalishi kumwacha mtu mbele ya treni inayokimbia. Baada ya Margam, Network Rail ilipunguza kwa kiasi kikubwa sana kazi za kutegemea walinzi, na treni za Uingereza bado zinatembea. Gharama hiyo ya ucheleweshaji ingeweza kulipwa kabla ya 2019.