Mezali Inasema Kwanza na Mwenye Kushika Feza



Kila mwaka masomo inapoanza mwezi wa tisa, hatukosi mutu wa kusimama kwa ibada ya asubui na kutusomea Mezali sura ya 6, habari ya muvivu anayetumwa kwa chungu, yule mududu mudogo, ili apate akili. Sisi wakubwa wa wanafunzi tunapenda fungu lile sana. Mimi mwenyewe nimelitumia kwa kuamsha nyumba nzima ya kulala saa kumi na moja ya asubui. Mujini nako ni vile vile: patro akikuta vijana wake wa depo wamekaa kivulini, chungu anatajwa mbele ya mushahara.

Lakini soma mustari wa 7 unaofuata. Pale tunaambiwa kama chungu hana mukubwa, hana mwangalizi, hana mutawala. Hana kapita! Anakusanya chakula chake wakati wa mavuno bila mutu wa kumupigia kelele. Basi kama chungu ni mwalimu wa muvivu, ni mwalimu wa kapita pia. Anamuuliza: wewe ukienda zako, kazi inaendelea ao inakufa?

Mawazo yangu ni haya. Tunatumia Mezali kama fimbo ya mukubwa kwa mudogo. Lakini ukikisoma kitabu kile na kalamu mukononi, kama sisi watu wa seksio ya biashara tunavyosoma kaye ya hesabu, utaona kama maneno mengi yake juu ya feza yanamutazama mwenye kuishika: mwenye mizani, mwenye gala, mwenye kundi, mwenye kupashwa kulipa. Kwa kichwa nilijua jambo hilo tangu zamani. Kwa moyo nimelijua mwaka huu tu, na kwa haya.

Ninyi wote munajua kantini ya wanafunzi. Ni mimi ninashika funguo yake tangu katikati ya mwezi wa kumi. Kila siku ya masomo mama mumoja alikuwa anatuletea mandazi 200 katika beseni mbili. Tunamununulia kwa 150 FC, tunauza kwa 200 FC. Hesabu ni nyepesi hata kwa wenzetu wa seksio ya latini (munisamehe): mama anapashwa kupata 30,000 FC kwa siku, na kwetu inabaki 10,000. Tulipatana kumulipa kila siku ya tano, mwisho wa juma.

Mwezi wa kumi na moja komite ilipashwa kukutana mbele ya Bwana Prefe, kila mukubwa aonyeshe hesabu yake. Nami nikaingiwa na tamaa. Aliyenitangulia alituachia sanduku tupu, nikataka watu waone kama kwangu linajaa. Basi siku ya tano mama alipokuja, nikamwambia: “Mama, urudi siku ya kwanza.” Siku ya kwanza nikasema: “Mama, bado kidogo, tunangoja hesabu.” Hakuna hesabu yoyote tuliyokuwa tunangoja. Feza ilikuwa mule ndani ya sanduku, chini ya kiwiko changu. Siku 11 za masomo zikapita hivi, maana yake 330,000 FC ya mutu mwingine. Kwa mukutano nikasoma 560,000 FC. Watu wakapiga mikono, na mwalimu mumoja akasema huyu kijana ataongoza kampuni. Hakuna aliyeuliza deni ni ngapi. Mimi nilikuwa ninajua, nikanyamaza.

Siku ya kumi na mbili mama hakuja. Saa ine, wakati wa mapumuziko, wadogo zetu wa darasa la kwanza walifika kwa dirisha na feza zao, wakarudi bila kitu. Nami nikasema kwa sauti kubwa, wengine wenu mulisikia: “Watu wa soko ndivyo walivyo, hawana neno moja.” Ninaomba musamaha kwa neno lile. Ndiyo sababu ya kwanza ya kuandika kartasi hii.

Nyuma ya masomo nikaenda kwake. Nilimukuta mbele ya mulango wake anauza makala kwa mafungu. Unga wa ngano na mafuta alikuwa anakopa kwa depo moja, na mwenye depo amekwisha kukata: hakuna kukopa tena mpaka alipe ya zamani. Hakunigombeza. Aliniwekea kiti, akaniuliza tu: “Baba, mule kwenu feza haikuwa kweli?”

Nikatazama chini. Mezali sura ya 3, mustari wa 27 na wa 28, inatukataza kumunyima mutu haki yake wakati uwezo uko mukononi mwetu, na kumwambia mwenzetu aende kwanza arudi kesho, kumbe kitu chake tunacho leo. Mwaka uliopita nilihubiri sura hiyo kwa kikundi cha vijana. Nilihubiri mustari wa 5 na wa 6, ile ya kumutumainia Bwana, nikaruka ule wa 28 sababu sikuona kazi yake.

Tazameni ginsi deni linavyotembea. Mimi simulipi mama, mama halipi depo, depo haimupi unga, na mutoto wa darasa la kwanza anakaa na njaa mpaka saa saba. Mimi nilifikiri ninaweka akiba. Kumbe nilikuwa ninakopa kwa mama bila kumuuliza, na bila kumupa faida hata ya franka moja. Babu yangu alifanya kazi katika kampuni kubwa ya madini hapa Katanga, sitaitaja. Alipitisha miezi mingi bila mushahara. Anasema njaa haikumuuma sana kama lile neno “mwezi ujao”, maana lilisemwa na mutu aliyeshuka katika gari mupya.

Sasa wako wenzangu wanaosema: “Doyen, biashara ni biashara. Ukilipa kila mutu pale pale, utakuwa na feza ya kazi wapi?” Ni ulizo la kweli, silizarau. Kukopa si zambi. Kama ningemwambia mama tangu mwanzo, tukulipe mwisho wa mwezi na tukuongezee 10 FC kwa kila andazi, angekubali ao angekataa, na lile lingekuwa biashara. Mimi nilichagua peke yangu kwa ajili yetu wawili. Yeye alikuwa mudogo, hangeweza kunifanyia kitu.

Habari ya mizani nayo ni ya wakubwa. Kitabu cha sura 31 tu kinarudilia jambo hilo mara ine: 11:1, 16:11, 20:10 na 20:23. Kwa nini mara ine? Zamani zile watu wa Israeli hawakuwa na feza ya kuhesabu kama yetu. Walipima feza yenyewe kwa mizani, na muchuuzi alitembea na mawe ya kupimia katika mufuko. Sekeli moja ilikuwa karibu gramu 11, jiwe dogo kama jicho la mbuzi. Mutu mubaya aliweka mawe ya namna mbili, mazito kwa kununua, mepesi kwa kuuza, na ndiyo Kumbukumbu la Torati sura ya 25 ilikataza. Nani angeona ndani ya mufuko? 16:11 inajibu kama hata yale mawe ya mufukoni ni kazi ya Mungu.

Nendeni kwa masoko ya Lubumbashi mutazame meka ya unga. Kuna meka iliyopigwa kitako kikaingia ndani. Kuna nyingine inapimwa vizuri mbele yako, lakini vidole vine viko ndani pamoja na unga. Na mwenye kushika meka ni nani? Mara nyingi ni musichana wa miaka kumi na sita aliyetumwa. Patro ndiye alipiga kitako kwa nyundo, naye anakaa nyuma kwa kivuli. Mununuzi akijua, matusi yote yanamwangukia musichana. Ndiyo maana ninasema mizani ni jambo la kuongoza watu. Mukubwa akiweka chombo cha uongo mukononi mwa mudogo, anamufundisha wizi na anamukodisha azabu yake pia. (Sisi nasi kwa kantini tulikuwa na glasi ya karanga yenye kitako kinene. Niliikuta pale, nikaitumia wiki sita. Sasa imeondoka.)

Kwa unga sisemi mengi, mulio na wazazi mujini munajua. Mwaka wa 2024 ukame ulipiga Zambia, na mahindi yetu mengi yanapitia Kasumbalesa. Wakati wa namna ile mwenye gala analala na wazo moja: nifungue leo, ao ningoje bei ipande tena? Mezali 11:26 inasema watu wanamulaani mwenye kuzuia nafaka, na baraka iko juu ya kichwa cha mwenye kuiuza. Haisemi auze kwa hasara. Inasema auze.

Kuna fungu moja ninalolipenda kuliko yote, na walimu wetu wa hesabu wangeliandika juu ya ubao: 27:23. Mwenye mifugo anaambiwa ajue vizuri hali ya kundi lake. Ni inventeri hiyo! Na sura zile, tangu ya 25, zinaanza kwa kusema ya kwamba watu wa Hezekia mufalme wa Yuda ndio walinakili maneno yale. Makarani, ndugu zangu. Watu wa ofisi kama tutakavyokuwa. Inchi yetu imeingia katika OHADA tangu 12 Septemba 2012, na sheria yake inaagiza hata mutu wa biashara ndogo kabisa aandike siku kwa siku kinachoingia na kinachotoka. Wengi wanaona ni taabu ya serikali. Mimi ningekuwa na ukurasa wa deni wazi mbele ya komite, uongo wangu haungefika siku mbili. Nilijua hali ya kundi langu. Nilificha kondoo wenye ugonjwa nyuma ya nyumba.

Neno moja tena, juu ya wahubiri wanaopita wakituambia ushike Mezali na utakuwa tajiri. Nilikuwa ninawaamini. Lakini kitabu chenyewe hakisemi hivyo kila mahali. 28:6 inamuweka masikini mwenye mwenendo mwema juu ya tajiri mwenye njia mbaya, na yule Aguri wa sura ya 30 anaomba asipewe umasikini wala utajiri. Tena 13:23 inasema shamba la masikini linaweza kutoa chakula kingi, lakini kinapotea kwa sababu ya mambo yasiyo ya haki. Mutu aliyeandika hayo alijua kama si kila masikini ni muvivu. Yule mama anaamuka saa tisa ya usiku kwa kukanda unga. Mimi ninaamuka saa kumi na moja, na ni mimi niliyekuwa ninataja chungu!

Kwa hiyo, hivi ndivyo tumefanya. Nilirudi kwa komite, nikasema kama katika zile 560,000 FC, zetu zilikuwa 230,000 tu. Mwalimu aliyenisifu hakusema neno. Aliomba kaye, akasoma kurasa zote polepole, akanirudishia. Mama amelipwa yote. Tangu siku ile analipwa kabla ya saa sita, siku ile ile, naye anatia alama yake katika kaye. Kwa mukutano tunasoma deni kwanza, kisha sanduku. Mwezi wa tano mutachagua mwingine wa kushika funguo, maana sisi tunakwenda kwa mitihani ya Serikali. Ninaomba komite iandike kanuni hiyo mbele ya uchaguzi, si nyuma yake, ili ajaye asije akaanza na tamaa kama yangu. Na wagombea, tafazali, waulizeni kwanza wana deni la nani.

Kaye iko juu ya meza ya kantini, kila mwanafunzi anaweza kuifungua. Kurasa za mwezi wa kumi na moja ndizo zenye mustari mwekundu.

Mama alirudi nyuma ya juma moja, lakini haleti 200 tena. Analeta 120. Zile 80 anapelekea watu wengine wanaomulipa pale pale, wala sikuwa na mudomo wa kumukataza. Basi ninyi munaouliza kila siku sababu gani mandazi inaisha mbele ya saa ine na nusu, musiwagombeze wauzaji. Jibu ni hilo.

Mukubwa wa wanafunzi,
darasa la mwisho, seksio ya biashara