Kocha wa chuo akienda NBA, msimwite mroho

JUNI 2024, Los Angeles Lakers waliweka mezani dola milioni 70 kwa mkataba wa miaka sita. Dan Hurley, kocha wa Chuo Kikuu cha Connecticut, akakataa. Alikuwa ametoka kubeba ubingwa wa kikapu wa vyuo vya Marekani mara mbili mfululizo, 2023 na 2024. Mwezi uliofuata chuo kikampa mkataba mpya wa miaka sita, dola milioni 50.

Kwa hiyo ile hadithi kwamba kocha wa chuo anahamia ligi ya kulipwa kufuata mkwanja imepitwa na wakati. Mkwanja upo kote kote. Siku hizi anayeondoka chuoni mara nyingi anataka kitu kimoja tu: kurudi kufundisha.

Mtu wa soka ataelewa haraka. Chukua timu ambayo kila mwisho wa msimu karibu kikosi kizima kinaweza kuondoka, na dirisha la usajili linafunguliwa jasho halijakauka. Kocha huyo huyo ndiye msajili, mlezi na mpiga simu kwa wazazi. Ndivyo kikapu cha vyuo kilivyo tangu 2021, mchezaji aliporuhusiwa kulipwa kwa jina lake na kuhama bila kukaa benchi mwaka mzima. Tangu Julai 2025, vyuo vyenyewe vinaruhusiwa kumlipa moja kwa moja.

Kulipwa ni haki yao, hilo halina mjadala. Vijana walijaza viwanja miaka na miaka huku wengine wakila. Shida ni kwamba muda wa kuwafundisha ndio umeliwa.

Watanzania wanamkumbuka Hasheem Thabeet. Alicheza Connecticut hiyo hiyo misimu mitatu chini ya Jim Calhoun, kisha 2009 Memphis Grizzlies wakamchagua wa pili katika drafti ya NBA. Kocha alikuwa na muda wa kumpika kijana mpaka akaiva. Leo kijana wa aina ile akiwaka msimu mmoja tu, simu za vyuo vingine zinaanza kuita.

Tony Bennett, aliyeipa Virginia ubingwa 2019, aliachia ngazi Oktoba 2024 akiwa na miaka 55, wiki chache kabla ya msimu kuanza. Alisema wazi kwamba yeye si mtu sahihi kwa mazingira haya mapya. Bennett alienda kupumzika. Kocha mwenye kiu bado ataitazama NBA, ambako mikataba ni kazi ya meneja na kazi yake yeye ni mechi 82.

Ila asijidanganye, kule nako kuna moto. John Beilein alikaa Michigan miaka 12 na kucheza fainali mbili. Mwaka 2019 akasaini miaka mitano Cleveland Cavaliers. Hakumaliza hata msimu mmoja: mechi 54, ushindi 14, Februari 2020 akajiuzulu. Chuoni kocha akisema kimbia, kijana anakimbia. NBA mchezaji nyota anamzidi kocha mshahara kwa mbali, na ukimfokea kama mwanafunzi, anayefungashiwa virago ni wewe.

Brad Stevens alilijua hilo. Boston Celtics walimchukua 2013 akiwa na miaka 36, kutoka Butler, chuo kidogo alichokipeleka fainali 2010 na 2011. Hakwenda kutawala mtu. Akaifikisha Celtics fainali ya Kanda ya Mashariki mara tatu, 2021 akahamia ofisini kuwa bosi wa kikosi, na 2024 timu aliyoijenga ikabeba ubingwa.

Kocha anayetaka kuogopwa abaki chuoni. Anayependa ubao na mazoezi kuliko kuogopwa aende, na asisemwe vibaya.

Vyuo navyo viache kulia kwamba vinaibiwa makocha. Viajiri watu wa usajili, kama baadhi vilivyoanza, na viwape vijana mikataba ya zaidi ya msimu mmoja. Maana kocha mzuri akiondoka, atapata timu nyingine. Anayebaki na hasara ni kijana wa miaka 18 aliyekwenda pale ili afundishwe.