Sola ya kubandika si ya kila bati

Sola nyembamba za kubandika zinavutia: ni nyepesi, hazina kioo, wala bati halitobolewi kwa skrubu. Lakini si kila paa linazifaa. Gundi yake huhitaji bati bapa, safi na kavu; mabati ya migongo yaliyoenea Afrika Mashariki hayaipi pa kushika. Tena sola ikishabandikwa haibanduki kirahisi. Bati likioza, sola nayo imekwenda.

Yaliyotokea Marekani yatufunze. United Solar ya Michigan ilitamba kwa sola hizi, lakini mwaka 2012 ilifilisika pamoja na kampuni mama yake, Energy Conversion Devices. Paneli za kawaida za kioo zilikuwa zimeshuka bei sana, nazo huzalisha umeme mwingi zaidi kwa eneo lilelile. Dhamana ya miaka mingi ina maana iwapo tu aliyeitoa angalipo.

Tunazitaka mamlaka za viwango, TBS ya Tanzania na KEBS ya Kenya, zidai ushahidi kwamba gundi inahimili joto la mapaa yetu. Nawe mwenye nyumba, kagua kwanza umri na umbo la bati lako, ndipo ufungue pochi.