Mwalimu akifunga mlango

Wadau, leo tuambizane ukweli. Kidato cha kwanza mwalimu wetu wa bayolojia alikuwa anafundisha Kiingereza dakika 20, sisi kimya kama maji ya mtungi. Kisha anafunga mlango, mkuu asisikie, anaeleza kwa Kiswahili. Hapo ndipo nilipoelewa jani linavyojitengenezea chakula. Siku ya mtihani jibu nilikuwa nalo kichwani, sentensi ikagoma. Nikaambulia 2 kati ya 10.

Ticha simlaumu, naye alisoma hivyo hivyo. Shule nyingi za msingi za serikali zinafundisha kwa Kiswahili, ukifika sekondari ghafla masomo karibu yote Kiingereza. Sera ya elimu ya 2014 ilitamka Kiswahili kitumike kufundishia ngazi zote. Mtihani wa kidato cha nne bado ni Kiingereza.

Wanaosema bila Kiingereza ajira ngumu wana hoja. Basi kifundishwe vizuri, kama somo. Hivi tulivyo, wengi tunatoka bila Kiingereza na bila bayolojia.

Walimu mliomo humu, nanyi mnafunga mlango? Semeni jamani.