Mpaka Uliomezwa na Kichaka



Mwezi wa Januari 1994 mjomba wangu alitugawia mapanga, sisi vijana wanne wa nyumba yake, akatuambia, "Wanangu, kesho jua lisitue kabla sijauona ua wangu." Tulikuwa tumerudi kilimani kwetu katika Masisi baada ya kuvikimbia vita vya mwaka uliotangulia, vile vilivyoanza Machi 1993 katika soko la Ntoto, nchi ya Walikale, vikapanda milima hata vikatufikia. Tangu tulipokimbia hapana mkono uliogusa shamba, na hata kabla ya hapo ua ule ulikuwa umesahauliwa miaka mingi. Ulikwisha kugeuka ukuta wa majani: alizeti mwitu zenye kumpita mtu mzima kwa urefu, miiba, na mitambazi iliyofumana kama mkeka.

Tulifanya kazi siku mbili. Tulifyeka, tukang'oa, tukachoma. Jioni ya siku ya pili mahali pale palikuwa peupe kama uwanja wa kanisa uliofagiliwa Jumamosi. Mjomba akatusifu, tukala viazi na maharage kwa furaha. Katika moto ule tulikuwa tumetia pamoja na vingine mti mmoja mkongwe, ule wa maua mekundu na magome yenye miiba ambao wasemao Kinyarwanda huuita umuko. Hakuna aliyeuliza ulipandwa na nani. Shina lake tulilikata mpaka chini, majivu na udongo vikalifunika.

Mwezi wa Februari jirani yetu alirudi. Alipita pale mara moja, akapita mara ya pili, kisha akamwuliza mjomba kwa sauti ya chini, "Mzee, umuko uko wapi? Mama yangu alinionyesha mti ule ningali mtoto." Mjomba akanyosha mkono, akaonyesha mahali. Jirani akatikisa kichwa, akaonyesha mahali pengine, hatua tano kwa ndani yetu. Tangu siku ile hawakusalimiana.

Habari hii nimeikumbuka kwa sababu wengi wamo katika njia ile ile tuliyoipita sisi. Februari 2025 kambi za wakimbizi zilizouzunguka mji wa Goma zilivunjwa, na watu wengi mno wakashika njia ya kurudi katika vilima vyao, wengine wakiwa na sufuria moja na watoto mgongoni. Mwezi uliofuata vita viliingia hata Walikale mjini. Arudiye nyumbani baada ya miaka hukuta shamba limefungwa na kichaka, na jambo la kwanza analolitamani ni kuona tena mwisho wa chake. Tamaa hiyo ni njema. Lakini panga ni jepesi kuliko ulimi wa shahidi, na kilichokatwa hakiulizwi tena.

Kosa kubwa ni kudhani kwamba ua na mpaka ni kitu kimoja. Mwenye ng'ombe hujenga ua pale nguzo zinapoingia ardhini kwa urahisi. Akikuta mwamba huuzunguka. Akikuta bonde la matope hurudi nyuma hatua kumi, wala haulizi mpaka unasemaje, kwa kuwa haja yake ni kuwazuia ng'ombe tu. Baada ya miaka thelathini wajukuu wanaapa kwamba ua ule ndio mpaka wa babu.

Tena katika Masisi nyua zimepandana moja juu ya nyingine. Wabelgiji waliunda Kamati ya Taifa ya Kivu mwaka 1928, ikapewa mamlaka juu ya ardhi nyingi, na walowezi wakajipatia mashamba na malisho. Kati ya 1937 na 1955 utawala huo huo ulihamisha watu wengi kutoka Rwanda na kuwakalisha Gishari na sehemu nyingine za nchi hii. Kisha ikaja sheria ya ardhi ya tarehe 20 Julai 1973, iliyosema kwamba ardhi yote ni mali ya Taifa. Na tarehe 30 Novemba mwaka ule ule Mobutu alitangaza kwamba mali za wageni zitashikwa na wananchi. Mashamba mengi ya walowezi yakaingia mikononi mwa watu wachache wenye nguvu, na mengi yakawa malisho. Kwa hiyo kilima kimoja chaweza kuwa na mistari mitatu: wa mlowezi, wa tajiri wa ng'ombe, na wa mkulima aliyepewa sehemu yake na mwami au na mkuu wa kijiji kwa kutoa zawadi ya desturi. Kichaka kimeifunika yote mitatu sawasawa.

Mkulima huyu wa tatu ndiye ninayemwonea huruma. Sheria ile ya 1973 iliahidi kwamba ardhi ya watu wa vijijini itatengenezewa amri yake. Miaka mingi ikapita pasipo amri hiyo kutoka. Mwenye shamba kubwa ana cheti cha usajili chenye ramani. Mkulima ana nini? Ana mti, ana mfereji, ana jiwe, na ana jirani mwenye kukumbuka. Akikata mti na kugombana na jirani, amechana hati yake kwa mikono yake mwenyewe.

Basi, siku ya kwanza acha panga nyumbani. Mwite jirani wa upande wa pili, mwite mzee wa kijiji, na tafadhali waite akina mama, maana wao ndio waliolima pale mwaka baada ya mwaka, nao wanajua mahali jembe lilipokuwa likigeuka. Piteni mstari wote kwa miguu, kwanza upande mmoja, kisha upande wa pili. Kila mti, jiwe au kisiki kinachotajwa kifungwe kitambaa. Mkipatana, kitambaa cheupe. Msipopatana, cha rangi nyingine, na mwendelee mbele pasipo kugombana hapo hapo. Kama jirani bado yuko ukimbizini, mtafute kwa simu, au umngoje. Najua kungoja ni kugumu wakati mvua inakaribia, lakini waweza kulima katikati ya shamba, ukauacha ukingo.

Simu zenye kuonyesha mahali zinafaa pia, nasi tusizidharau. Piga picha ya kila alama, uhifadhi na mahali ilipo. Lakini ujue kwamba simu ya kawaida hukosea kwa mita kadhaa, na chini ya miti hukosea zaidi. Yaweza kukurudisha penye mti. Haiwezi kuamua ugomvi wa hatua mbili.

Ndani ya kichaka, ni nini kilichopandwa na ni nini kilichojiotea? Ndege hudondosha mbegu popote, lakini ndege hapandi kwa kamba. Ukiona miti mitatu ya namna moja imesimama katika mstari, mkono wa mtu ulikuwapo. Mnyaa, ambao kwa Kinyarwanda huitwa umuyenzi, hupandwa kwa vipande vya matawi, nao husimama safu moja hata ukiwa mkubwa kama mti. Umuko vilevile: nguzo mbichi iliyochomekwa ardhini huota, na baada ya miaka inakuwa shina nene. Tazama pia kama mti umemeza seng'enge. Waya ulipigiliwa juu ya gome. Mti ukanenepa, ukaufunika. Waya ukiwa ndani kabisa ya shina, ua huo ni wa siku nyingi. Ukiwa bado juu juu, huenda ulitengenezwa juzi. Mti wa namna hiyo usiukate kwa msumeno wa injini, kwa maana mnyororo ukigonga chuma waweza kukatika na kumrukia mtu.

Ndugu zetu wa Walikale watasema kwamba habari za seng'enge si zao, na ni kweli. Kwao ni msitu, na shamba lililoachwa halingoji kichaka: linarudi msituni. Huko mpaka ni kijito, ni njia ya zamani, ni michikichi iliyobaki mahali pa kijiji kilichohama. Mti wa kuutazama huko ni ule wenye majani mapana kama mwavuli, ambao wataalamu huuita Musanga. Huo ndio hutangulia kuota penye shamba lililopumzishwa, hukua upesi, na maisha yake ni kama miaka ishirini. Mkiona miti hiyo imesimama yote kwa kimo kimoja, hapo palilimwa, wala si zamani sana. Mkiona michikichi mikongwe chini ya miti mikubwa, waulizeni wazee wa kijiji gani walikaa pale kabla hamjamwambia mtu yeyote kwamba pori lile halina mwenyewe.

Sasa kazi ya mikono. Kwanza hatari iliyo kubwa kuliko zote. Mahali palipopigwa vita, kichaka cha uani ndipo askari hujificha, na ndipo vitu vyao hubaki. Mkiona chuma msichokijua, msikiguse, msikirushie jiwe, wala msimtume mtoto akichungulie. Wekeni alama kwa mbali, rudini kwa njia mliyojia, mpeleke habari. Na kwa sababu hiyo hiyo msichome moto kichaka ambacho hamkukichungua: bomu lililolala huamshwa na joto. Moto huua pia miti ya alama, na huiacha miteremko yetu uchi mbele ya mvua.

Mnyaa una maziwa meupe yanayounguza ngozi, na yakiingia jichoni huleta maumivu makali, hata kumpofusha mtu kwa muda. Ukate ukiwa umeupa upepo mgongo, usijipanguse uso kwa mkono wa kazi, na yakikurukia jichoni, osha kwa maji safi mengi pasipo kukawia, kisha nenda zahanati. Moshi wake nao ni mbaya.

Anzeni kwa mundu, mkipunguza majani kutoka juu kwenda chini mpaka nguzo na waya vionekane, ndipo mshike mapanga. Waya wa zamani usikatwe ovyo, kwa kuwa uliokazwa huruka kama nyoka ukiachiliwa. Ulegezeni, muukate kwa koleo, muukunje duara, na mwisho mkusanye vipande vyote hata vidogo. Ng'ombe hula kwa pupa, hachagui. Kipande cha waya kikiingia tumboni mwake chaweza kutoboa mpaka moyoni, naye hukonda na kufa pasipo mwenyewe kujua sababu. Katika nchi inayosifiwa kwa maziwa na jibini yake, waya uliotupwa majanini ni ufukara.

Msifyeke zaidi ya mnavyohitaji. Njia ya kupita mtu mmoja kila upande wa mstari yatosha. Penye mteremko mkali acheni visiki na mizizi ishike udongo. Majani ya alizeti mwitu yasitupwe, ni mbolea nzuri: yakatekate na kuyafukia katika matuta, maharage yatawajibu.

Kisha andikeni. Karatasi moja ya daftari yatosha: majina ya waliokuwapo, tarehe, alama mlizopatana, na alama ambazo hamkupatana. Watie sahihi au dole gumba, na nakala moja ikae kwa mkuu wa kijiji, nyingine kwa Tume ya Haki na Amani ya parokia kama ipo. Na mkisikia kwamba mtu anatafuta cheti cha usajili juu ya kilima chenu, msilale. Kwa sheria ya 1973 cheti kikiisha kutimiza miaka miwili hakitikisiki tena. Wengi walijua habari hiyo katika mwaka wa tatu.

Wachaga wa Kilimanjaro huweka mipaka ya vihamba kwa mmea uitwao isale, ambao pia hutumiwa katika kuombana msamaha. Kitabu cha Kumbukumbu la Torati kinamlaani ahamishaye alama ya jirani yake. Mjomba wangu alikuwa mtu wa kusali, na nina hakika kwamba aliamini kwa moyo wote anasema kweli alipoonyesha mahali pale pa umuko. Alikuwa hajapita uani kwa miaka mingi, basi.

Tulipanda maharage mwishoni mwa Februari, hata kwenye zile hatua tano, jirani akitutazama kutoka kwake pasipo neno. Mvua ikanyesha vizuri. Siku moja katika mwezi wa Machi shangazi alikuwa akipalilia, akaita. Katikati ya maharage, machipukizi manne ya umuko yalikuwa yametoka ardhini, mekundu kidogo kwenye ncha, urefu wa kiganja. Mjomba alikuja, akainama, akafukua udongo kwa vidole mpaka akaona shina jeusi lililoungua. Alipima kwa miguu hadi pale alipokuwa akiapa. Hatua tano.

Alikwenda mwenyewe kubisha hodi kwa jirani. Walirudi wote wawili, wakasimama pale muda mrefu. Mwishowe jirani akasema, "Mzee, maharage ni yenu, mvune kwanza." Tulipovuna, tulimpelekea kikapu kimoja, naye akatuletea maziwa.