Starehe ndani ya boti: wenye mitaji wahesabu wati kabla ya shilingi

Mwenye boti ndogo ya faiba anayechukua watu kutoka Kunduchi kwenda Mbudya, au kutoka Msasani kwenda Bongoyo, huulizwa mambo ambayo baba yake hakuulizwa. Mteja anataka kujua kama soda ni za baridi, kama kuna pa kuchajia simu, na kama muziki upo. Upande wa Kigamboni, ambako zamani kulihesabiwa Temeke kabla ya kuwa wilaya peke yake, wavuvi wa usiku nao wanataka taa zisizokunywa mafuta. Maswali hayo ndiyo yanayowafanya wenye mitaji midogo waanze kununua betri, sola, feni, na hata friji kwa ajili ya boti. Baadhi ya fedha hizo zitarudi. Nyingine zitaishia baharini.

Ujuzi wa kuishi kwa betri si mgeni Dar es Salaam. Mgawo wa umeme wa miaka ya 1990, ukafuatiwa na ule wa 2006 na wa 2011, uliwafundisha wakazi wa Mwananyamala na Tandika kutumia jenereta kwanza, kisha inveta. Mgawo wa mwishoni mwa 2023 ulipungua baada ya mtambo wa kwanza wa Bwawa la Julius Nyerere kuanza kazi Februari 2024. Ni jambo la kawaida basi kwamba fundi aliyezoea kufunga inveta sebuleni aiangalie bahari kama soko jipya. Tatizo ni kwamba sebule haitikiswi na mawimbi wala hairushiwi maji ya chumvi. Ikizima taa sebuleni, watu wanawasha mshumaa. Ikizima pampu ya kufua maji wakati boti iko katikati ya Mbudya na pwani, habari ni nyingine.

Hesabu yenyewe si ngumu, na inashangaza kwamba wanunuzi wengi hawaifanyi. Chukua boti ya mita saba. Taa tatu za LED za wati 5 kila moja, zikiwaka saa kumi, zinakula wati-saa 150. Feni ndogo ya volti 12 yenye wati 15 kwa saa nane ni 120. Simu nne ni kama 60, redio ya mawasiliano 60 nyingine, na pampu ya kufua maji ikifanya kazi nusu saa haifiki 20. Jumla ni wati-saa 410 hivi kwa siku. Betri moja ya asidi ya ampea-saa 100, ambayo haifai kutumiwa zaidi ya nusu kama inatakiwa idumu, inatoa wati-saa 600. Paneli ya wati 150 kwa jua la Dar huirudisha nguvu hiyo siku isiyo na mawingu. Hapo boti ina umeme wa kutosha, na mwenye nayo hajafilisika.

Sasa mteja anataka friji. Friji ndogo ya kompresa inayotumia wati 45, kwa joto la pwani, itafanya kazi karibu nusu ya muda. Hiyo ni wati-saa 540 kwa siku, yaani kifaa kimoja kinakula kuliko vingine vyote vikijumlishwa. Betri ya pili inahitajika, na paneli ya pili. Betri moja ya aina hiyo ina uzito wa kilo 25 hadi 30, kwa hiyo mbili ni uzito wa abiria mmoja asiyelipa nauli, anayepanda boti kila safari, mwaka mzima.

Mwenye deli la barafu anacheka. Kilo moja ya barafu ikiyeyuka inafyonza joto la karibu wati-saa 93. Friji iliyotajwa hapo juu, kwa siku nzima, inafanya kazi ya barafu ya kilo 7 hadi 10. Barafu hiyo haihitaji waya, haishiki kutu na haidai mkopo. Kwa safari ya asubuhi hadi jioni, friji ndani ya boti ndogo ni pambo. Inaanza kuwa na maana kwa boti inayolala nje siku tatu au nne mbali na mahali pa kupata barafu, na boti za namna hiyo katika mwambao wa Kinondoni si za mwenye mtaji mdogo.

Birika la umeme nalo linapendwa na wanaotaka chai baharini. Birika la wati 2,000 kupitia inveta linavuta zaidi ya ampea 160 kutoka betri ya volti 12. Waya wa kubeba mkondo huo ni mnene kama kidole, na fundi akifunga ule mwembamba uliobaki kwenye kazi ya nyumba, waya unapata moto chini ya sakafu, jirani na tangi la petroli. Wengine wanakimbilia mtungi wa gesi wa kilo 6. Gesi hiyo ni nzito kuliko hewa. Ikivuja jikoni Mbagala inaweza kutokea mlangoni. Ikivuja ndani ya boti inashuka kwenye ngama na kukaa pale ikingoja cheche ya swichi. Chai ya chupa iliyochemshwa nyumbani ni biashara nzuri zaidi.

Kwa upande wa bidhaa, madukani Kariakoo kuna mali nzuri na kuna mali ya kudanganyia. Mnunuzi hana haja ya maabara. Jua la saa sita linatoa karibu wati 1,000 kwa mita moja ya mraba, na paneli nzuri hugeuza kama sehemu moja ya tano kuwa umeme. Kwa hiyo paneli ya kweli ya wati 100 lazima ikaribie nusu mita ya mraba. Iliyo na ukubwa wa sinia la pilau haiwezi kuwa wati 100, hata kama karatasi ya nyuma imeandikwa 200. Betri ya asidi nayo ipimwe kwa kunyanyuliwa: inayodai ampea-saa 100 na kubebwa kwa mkono mmoja kama kikapu cha sokoni haina risasi ya kutosha ndani. Betri ya gari ni kosa jingine. Imetengenezwa kutoa nguvu nyingi kwa sekunde chache za kuwasha injini, na ikimalizwa kila usiku haichukui muda kufa.

Betri za lithiamu za fosfati ya chuma zina bei ya juu, lakini zina uzito wa chini ya nusu, zinaruhusu kutumiwa zaidi ya asilimia 80 ya nguvu yake, na huchajiwa mara elfu mbili na zaidi, wakati ya asidi inahesabiwa kwa mamia. Kwa boti inayotoka kila siku, ghali hiyo ndiyo rahisi. Kwa inayotoka Jumamosi na Jumapili tu, ya asidi inatosha.

Mahali ambapo umeme wa boti una faida isiyo na ubishi ni kwa mvuvi wa dagaa. Kwake taa ni chombo cha kazi kama nyavu. Jenereta ndogo inayochoma nusu lita kwa saa, kwa usiku wa saa kumi, ni lita 5. Kwa usiku 20 katika mwezi ni lita 100, na kwa bei ya mfano ya sh. 3,000/- kwa lita ni sh. 300,000/-. Taa za LED na betri zinaondoa gharama hiyo. Anayetaka kuwakodishia wavuvi vifaa, hata hivyo, asipige hesabu kwa usiku 30. Siku za mbalamwezi kali taa hazina kazi, na upepo wa kusi ukichafuka, boti zinabaki mchangani.

Na abiria je? Wanaokwenda visiwani na watoto huhitaji kwanza kivuli. Turubai imara juu ya mabomba, paneli zikiwekwa juu yake, inatoa kivuli na umeme kwa gharama moja. Kinachofuata ni kiti kikavu. Mafundi wa Keko wanaweza kukitengeneza vizuri, ila sponji ifunikwe kwa ngozi bandia iliyozibwa mishono, la sivyo itakunywa maji ya bahari na kunuka ndani ya wiki mbili. Kisha faragha kidogo kwa akina mama. Mambo haya matatu hayapigiwi debe na wauzaji wa vifaa vya umeme, kwa sababu hayana cha kuwauzia.

Uzito uliowekwa juu ya paa hubadilisha namna boti inavyolala kwenye wimbi. Mwenye boti aliyeongeza paa, betri na viti amwite mkaguzi wa TASAC, shirika lililochukua kazi za SUMATRA za majini mwaka 2018, kabla ya kupakia idadi ile ile ya abiria. Kama atatakiwa kupunguza wawili, nauli za hao wawili ziingie kwenye hesabu ya mkopo tangu siku ya kwanza, pamoja na fyuzi moja kwa kila waya unaotoka betrini, na waya wenyewe uwe wa shaba iliyopakwa bati, hata kama dukani wa nyumba unauzwa nusu ya bei.