Maziwa ya Mama Mja Mzito

Mgeni aliyefika Bariadi na kukirimiwa maziwa amekirimiwa kweli. Huku ni Usukumani, nchi ya ng'ombe, na mkoa wa Simiyu, uliomegwa kutoka Shinyanga mwaka 2012, haujasahau kibuyu cha maziwa ya mgando. Mama mja mzito naye huhimizwa na mama mkwe: "Kunywa, mwanangu, mtoto apate mifupa." Shauri hilo ni jema. Maziwa yana madini ya chokaa na protini za kujenga mwili. Lakini je, yamechemshwa?

Wapo wazee wanaoshikilia kuwa maziwa yakipitishwa motoni hufa nguvu. Vitamini kadhaa hupungua, ni kweli, lakini chokaa na protini hubaki. Kinachokufa ni vijidudu, vikiwamo vya kifua kikuu cha ng'ombe na vya brusela, maradhi ambayo humfanya ng'ombe atupe mimba. Mwanamke akiambukizwa, mimba yake nayo imo hatarini.

Jambo hili si geni duniani. Mwaka 1887 daktari David Bruce aligundua kijidudu hicho katika kisiwa cha Malta, ambako askari wa Uingereza walikuwa wakiugua homa isiyokwisha. Mwaka 1905 Themistocles Zammit akaonyesha kuwa mbuzi waliokuwa wakikamuliwa kisiwani humo walikuwa nacho. Askari walipokatazwa maziwa hayo mabichi, homa ikapungua upesi.

Kwetu taabu ni kwamba homa hiyo hujifanya malaria: mwili huchemka, viungo huuma, jasho hutoka usiku, hupoa kisha hurudi. Utafiti uliofanyika Moshi kati ya mwaka 2007 na 2008, kwa wagonjwa 870 waliolazwa kwa homa, ulionyesha kuwa zaidi ya nusu walidhaniwa wana malaria, kumbe walioipata hasa hawakufika wawili katika kila mia. Brusela ilikuwa miongoni mwa maradhi yaliyokuwa yamejificha.

Basi ndugu msomaji, usidanganyike na uchachu. Maziwa mabichi yaliyogandishwa kibuyuni bado ni maziwa mabichi, kwani si kila kijidudu huuawa na ukali wake. Hakuna haja ya kuacha mgando. Badilisha utaratibu tu. Chemsha maziwa kwanza, na yakianza kufura usikimbilie kuyaipua: punguza moto, koroga, uyaache yatokote dakika chache. Yafunike yapoe mpaka yawe vuguvugu, ndipo utie kijiko cha mtindi salama na kuyaweka katika chombo safi. Samli na siagi zitengenezwe kwa maziwa hayo hayo.

Wafanyakazi wa mjini wanaonunua kwa muuzaji wa baiskeli, au wanaoletewa dumu kwa basi kutoka kwa shangazi, wasijione wamepona. Shingo ya dumu ni nyembamba, mkono haupiti kuosha ndani. Kuyaweka tu katika jokofu hakutoshi, kwa sababu kipo kijidudu kiitwacho listeria ambacho huendelea kuzaana hata kwenye baridi, na wajawazito hushambuliwa nacho kuliko watu wengine. Afrika Kusini mwaka 2017 na 2018 kiliingia katika soseji aina ya polony. Waliothibitishwa kuugua walipita 1,000, waliokufa walipita 200, na miongoni mwa walioambukizwa walikuwamo watoto wachanga wengi. Mwenye uwezo wa kununua maziwa yaliyosindikwa na afanye hivyo, ila akishafungua pakiti asiyakalie siku nyingi.

Akina baba, hapa mna sehemu yenu. Mkaa wa kuchemshia maziwa si anasa ya mke wako. Na ng'ombe au mbuzi anapozaa, hasa akitupa mimba, mama mja mzito asiitwe kusaidia wala kuzoa kondo la nyuma, maana humo vijidudu hujaa tele. Mwite bwana mifugo.

Vidonge vya kuongeza damu vinavyotolewa kliniki navyo visimezwe kwa maziwa wala chai, kwani vyote viwili huzuia madini ya chuma yasiingie mwilini vizuri. Maji yanatosha, chai ya maziwa ingoje saa moja au mbili.

Na mama aliyekwisha kunywa maziwa mabichi asiingiwe na hofu, kwani si kila kibuyu kina maradhi. Akipata homa, aende zahanati siku hiyo hiyo na amwambie mwuguzi mambo mawili bila kuulizwa: kwamba ana mimba, na kwamba alikunywa maziwa yasiyochemshwa. Dawa zipo, ila baadhi yake hazimfai mwenye mimba, na anayejua kuzichagua ni mganga, siyo muuza duka.